Dawa ya Moto ni Moto: Uhakiki wa Makala ya Leonard Noon

Methali ni akiba ya watu wengi iliyowekwa katika maneno machache. Lakini fedha za akiba huhesabiwa kabla ya kutumiwa, na methali nayo yataka kupimwa kabla ya kufuatwa. Wahenga walisema kwamba dawa ya moto ni moto. Maneno haya twayasikia katika ugomvi, katika siasa na hata katika michezo. Kila atakaye kulipa kisasi huyashika kama fimbo. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kama ni kweli. Katika insha hii nataka tuipime methali hiyo mahali ambapo ukweli wake waweza kupimwa kwa matone na kwa miligramu, yaani katika tiba ya mzio. Nitafanya hivyo kwa kuhakiki makala moja fupi, ya kurasa mbili tu, iliyoandikwa na daktari Mwingereza aitwaye Leonard Noon, ikachapishwa katika jarida la The Lancet la London tarehe 10 Juni 1911.

Sababu ya kuichagua makala hiyo ni deni. Kabla sijaja kufundisha katika chuo cha ualimu, nilikuwa mwalimu wa shule moja katika vilima vya Ikonge, kaunti ya Nyamira. Huko ardhi haijui kupumzika: chai, mahindi, migomba, mikaratusi, na nyasi za ng'ombe kandokando ya kila njia. Palikuwa na msichana wa kidato cha pili ambaye kila zamu ya kufyeka nyasi ilipomfikia alileta udhuru. Macho yalimwiva, pua ilimtiririka, alipiga chafya mfululizo, na kifua kilimlia kama filimbi. Mimi niliuona udhuru, sikuuona ugonjwa. Nilimwambia kwamba mchagua jembe si mkulima, nikamtia fyekeo mkononi. Haukupita muda akaketi chini, midomo imekuwa ya kijivu, pumzi ikimpita kwa shida. Wenzake walimbeba hadi zahanati, na kwa bahati njema akapata nafuu. Siku ile nilijua kwamba mtu aweza kuhukumu kwa methali nzuri, na hukumu yake ikawa dhuluma. Tangu hapo nimesoma habari za mzio kila nilipozipata, na katika yote niliyoyasoma hakuna kilichonifundisha zaidi namna ya kufikiri kuliko kurasa mbili za Noon, kwa wema wake na kwa makosa yake.

Na tuanze na neno lenyewe. Kabla madaktari hawajalichukua, neno mzio lilikuwa na maana ya kitu ambacho mtu hukiepuka, aghalabu chakula, kwa kuwa akikila kitamdhuru, au kwa kuwa amekatazwa na mganga au na mila ya ukoo wake. Mgeni aliposema kwamba samaki ni mzio wake, wenyeji hawakumlazimisha. Basi ndani ya neno hili mna shauri moja, nalo ni kujiepusha. Ndani ya methali yetu mna shauri la pili lililo kinyume chake, nalo ni kuukabili moto kwa moto. Historia yote ya tiba tunayoitazama ni mvutano wa mashauri haya mawili. La kwanza halina hatari, na kwa mtu adhuriwaye na samaki lafaa. Lakini adhuriwaye na unga wa maua ya nyasi, ule tuuitao chavua, atajiepusha nao vipi, ilhali umo katika hewa aivutayo? Kwa mtu wa namna hiyo shauri la kwanza ni kama kumwambia samaki aepuke maji. Hapo ndipo shauri la pili lilipopata nafasi ya kusikilizwa.

Noon hakuanza penye utupu, na mhakiki mwadilifu hana budi kuwataja waliotangulia. Mwaka 1819 John Bostock, daktari wa London, aliwasomea wenzake habari za mgonjwa ambaye kila mwaka, majira ya joto yalipofika, macho yalimwasha na kifua kilimbana. Mgonjwa huyo alikuwa Bostock mwenyewe. Mwaka 1873 Charles Blackley wa Manchester, naye akisumbuliwa na maradhi hayo hayo, alitoa kitabu cha majaribio yake. Alijikwaruza ngozi, akatia chavua katika mkwaruzo, akaiona ngozi ikivimba. Alirusha tiara angani ili ainase chavua iliyoelea juu, apate kujua ni nyingi kiasi gani. Mwaka 1900 H. Holbrook Curtis wa New York aliandika kwamba amewapa wagonjwa wake dawa iliyotokana na maua na chavua ile ile iliyowadhuru. Mwaka 1903 William Dunbar wa Hamburg alitoa dawa iliyotengenezwa kwa maji ya damu ya farasi waliokwisha kudungwa chavua. Na mwaka 1906 Clemens von Pirquet wa Vienna aliunda jina la kigeni ambalo leo twalifasiri kwa neno mzio. Alikusudia kusema kwamba mwili umebadilika katika namna yake ya kukiitikia kitu.

Kwa hiyo wazo la kumtibu mtu kwa kitu kimdhurucho halikuwa la Noon peke yake. Tena halikuwa la Ulaya peke yake. Katika Usukuma, kule Tanzania, kumekuwako kwa muda mrefu chama cha wacheza nyoka kiitwacho Bayeye, ambacho wanachama wake hukatwa chale na kupakwa dawa ya nyoka, na husemwa kwamba ndani yake mna sumu ya nyoka wenyewe. Wako wasomaji ambao wakisikia habari hii hufurahi na kusema kwamba basi sisi tulijua kabla yao. Furaha hiyo siikatai, lakini naomba isitufumbe macho. Swali la mhakiki si nani aliyewaza kwanza, bali nani aliyepima, akaandika, akaacha njia ambayo mtu mwingine aweza kuifuata na kuikosoa. Curtis wa New York naye aliwaza kabla ya Noon, na kwa swali hilo hilo Noon amempita.

Sasa tuisome makala yenyewe. Noon alifanya kazi katika hospitali ya St Mary's, London, katika idara ya Almroth Wright, mtu aliyeamini kwamba chanjo ndiyo dawa ya siku zijazo. Alichukua chavua ya nyasi moja ya Ulaya iitwayo timothi, akaitia katika maji, akayagandisha na kuyayeyusha mara kadhaa, kisha akayachemsha. Maji hayo ndiyo dawa. Lakini dawa isiyo na kipimo ni kama safari isiyo na maili. Akatunga kizio chake mwenyewe: kizio kimoja ni nguvu itokayo katika sehemu moja ya elfu ya miligramu ya chavua. Kisha akatafuta namna ya kuupima udhaifu wa mgonjwa. Alitia tone jichoni. Tone likiwa hafifu, jicho hutulia. Likizidi nguvu, jicho huwa jekundu. Nguvu ndogo kabisa iwezayo kulifanya jicho liwe jekundu ndiyo iliyomwonyesha mgonjwa huyu ni dhaifu kiasi gani. Baada ya hapo alimdunga sindano za dawa ile chini ya ngozi, akianza na kiasi kidogo na kuongeza pole pole, kisha akarudi jichoni kuuliza tena swali lile lile.

Jibu alilolipata alilieleza bila makelele. Alisema kwamba, dawa ikitolewa kwa kiasi kinachofaa, mgonjwa aweza kustahimili chavua angalau mara 100 zaidi ya alivyoweza kwanza. Na papo hapo akaongeza onyo: sindano zikiwa kubwa mno, au zikifuatana upesi mno, hazimponyi mgonjwa bali humzidishia udhaifu.

Hapa natua, kwa sababu hapa ndipo ulipo ubora wa makala hii. Kwanza, mwandishi amepima. Hakusema kwamba wagonjwa walijisikia vizuri, wala hakuleta ushuhuda wa mtu mashuhuri. Ameleta kipimo ambacho mtu wa mji mwingine aweza kukirudia. Pili, na hili ni kubwa zaidi, ameandika katika ukurasa ule ule faida ya dawa yake na madhara yake. Muuza dawa wa sokoni hutaja faida kwa sauti na madhara huyameza. Noon ameyataja yote mawili kwa sauti moja. Kwa onyo lake methali yetu imepata marekebisho: moto uwezao kuwa dawa ni ule uliopimwa, na huo huo ukizidi kipimo hurudi kuwa moto. Wahenga hawakutuambia habari za kipimo. Noon ametuambia.

Lakini heshima haimzuii mhakiki kusema kweli, na makala hii ina kasoro mbili kubwa.

Kasoro ya kwanza ni ya fikira. Noon aliamini kwamba ndani ya chavua mna sumu, na kwamba sindano zake zauamsha mwili utengeneze kitu cha kuiondoa sumu hiyo. Fikira hiyo ilikuwa ya kawaida katika zama zake, kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kuona ushindi wa dawa dhidi ya sumu ya ugonjwa wa dondakoo. Walakini tazama jambo la ajabu: mwanzoni mwa makala yake Noon mwenyewe anasema kwamba sumu hiyo haiwadhuru watu wengine, huwadhuru wale tu wenye maumbile ya pekee. Je, sumu isiyowadhuru watu wengi ni sumu kweli? Katika sentensi hiyo moja mlango wa ukweli ulikuwa wazi, naye akapita mbele yake bila kuingia. Chavua haina hatia. Kosa limo katika mwili unaomdhania mpita njia kuwa mwizi. Msomaji, jifunze kusoma namna hii: aghalabu udhaifu wa hoja haufichiki mbali, bali umo katika maneno ya mwenye hoja mwenyewe, na husubiri mtu wa kuuliza.

Kosa hilo lilichukua muda mrefu kusahihishwa. Mwaka 1921 huko Ujerumani Heinz Küstner, aliyedhuriwa na samaki, alitoa maji ya damu yake, na mwenzake Carl Prausnitz, ambaye samaki hawakumdhuru, akajidunga maji hayo katika ngozi yake. Mahali pale palipodungwa palipokutana na dawa iliyotokana na samaki pakavimba. Ikawa dhahiri kwamba kuna kitu ndani ya damu ya mgonjwa. Kitu hicho kilifahamika vizuri miaka ya 1966 na 1967, pale Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, Wajapani waliokuwa wakifanya kazi Marekani, na Gunnar Johansson na Hans Bennich wa Sweden, kila upande kwa njia yake, walipoigundua kingamwili ambayo mwaka 1968 iliitwa immunoglobulini E. Kingamwili hiyo hujishika juu ya seli fulani za mwili zilizobeba kemikali iitwayo histamini. Chavua ikija na kuigusa, seli hizo hupasua mizigo yake, na hapo ndipo macho huwasha, pua hutiririka na kifua hubana. Tiba ya sindano huuzoesha mwili kidogo kidogo, hata ukatoa kingamwili za namna nyingine zinazoiwahi chavua kabla haijafika kwenye seli hizo, na walinzi wengine wa mwili wakatuliza ghasia. Basi Noon alikuwa na dawa ya kweli na maelezo ya uongo. Jambo hili hutokea katika elimu mara nyingi kuliko tunavyodhani, nalo latufundisha tusiyakubali maelezo kwa sababu tu dawa imefaa.

Kasoro ya pili ni ya ushahidi. Noon hakuwa na kundi la kulinganishia. Fikiri juu ya mkulima wa Ikonge anayetia mbolea mpya katika shamba lake lote, na mwaka huo mvua ikanyesha vizuri, mahindi yakastawi. Ni mbolea iliyostawisha, au ni mvua? Hatajua kamwe, maana hakuacha hata tuta moja bila mbolea. Wagonjwa wa Noon nao waliweza kupata nafuu kwa kuwa nyasi hazikutoa maua mengi, au kwa kuwa mgonjwa aliyedungwa sindano na daktari mwema hujisikia vizuri kwa imani yake tu. Tena jicho lililotiwa tone katika chumba cha hospitali si sawa na mtu atembeaye mashambani majira yote ya joto. Kwa haki ya marehemu yafaa kusema kwamba Noon hakupewa muda wa kuitengeneza kazi yake. Alikuwa na kifua kikuu, akafa mwaka 1913 kabla hajatimiza miaka 40. Mwenzake John Freeman aliiendeleza kazi, na mwaka ule ule wa 1911 alikuwa amekwisha kuchapisha habari za wagonjwa waliotibiwa.

Baada ya hapo tiba hii ilienea duniani, na maelfu ya watu wakadungwa. Lakini jaribio lenye kulinganisha kwa uangalifu lilingoja mpaka mwaka 1954, ndipo William Frankland na Rosa Augustin, katika hospitali ile ile ya St Mary's, walipowagawa wagonjwa makundi. Wengine walipata dawa yenye kiini cha chavua, wengine walipata maji yasiyo na kiini hicho, wala mgonjwa hakujua amepata nini. Waliopata kiini ndio waliopata nafuu kubwa zaidi. Noon alithibitishwa, lakini kutoka 1911 mpaka 1954 ni miaka 43. Muda wote huo madaktari walikuwa wakiamini jambo lililo kweli bila ya kuwa na haki kamili ya kuliamini.

Pengine utasema kwamba, kwa kuwa walikuwa wakiamini kweli, hapana hasara. Basi sikiliza habari za nyuki. Wako watu ambao mwiba wa nyuki mmoja huweza kuwaua, kwa kuwa mwili wao wote huitikia kwa ghafla, damu ikashuka nguvu na pumzi ikakatika. Kuanzia mwaka 1930 madaktari waliwatibu watu hao kwa kuwasaga nyuki wazima, kiwiliwili na mabawa, na kuwadunga maji yao. Dawa ya nyuki ni nyuki! Methali ilitimia, na kila mtu aliridhika. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani walilinganisha dawa hiyo na sumu safi ya nyuki na wadudu wa jamii yake, na tena na dawa bandia. Sumu safi iliwakinga wagonjwa. Nyuki waliosagwa hawakushinda dawa bandia. Kwa muda wa karibu miaka 50 watu waliokuwa katika hatari ya kifo walitembea wakidhani wana ngao, kumbe mkononi wameshika jani la mgomba. Hiyo ndiyo hasara ya kuamini bila kulinganisha.

Na onyo la Noon juu ya kiasi nalo lilidharauliwa kwa gharama kubwa. Frankland mwenyewe, katika miaka ya 1950, alijiachia makusudi aumwe na mdudu mmoja wa Amerika ya Kusini, juma baada ya juma, ili aone mwili wake utafanya nini. Badala ya kumzoea, mwili uligeuka na kuwa adui; siku moja baada ya kuumwa alianguka karibu na kufa, akaokolewa kwa sindano za adrenalini. Aliishi hata mwaka 2020, akafa mwenye umri wa miaka 108. Njia ile ile ya kidogo kidogo, iponyayo mmoja, yaweza kumtia mwingine ugonjwa asiokuwa nao. Mwaka 1986 kamati ya serikali ya Uingereza iliyoangalia usalama wa dawa ilitangaza kwamba tangu mwaka 1957 watu 26 wamekufa kwa sababu ya sindano za mzio, ikaamuru kwamba zisitolewe ila mahali penye vyombo vya kumwokoa mgonjwa, na mgonjwa angojee chini ya uangalizi kwa saa 2. Wengine waliiona amri hiyo kuwa kali, na baadaye muda wa kungoja ulipunguzwa. Lakini ukiirudia makala ya 1911 utaona kwamba jambo kuu lilikuwa limekwisha kuandikwa: kiasi kikizidi, hudhuru.

Huenda mwanafunzi wa Kisii au wa Nyamira akauliza, habari hizi za nyasi za Ulaya zatuhusu nini? Zatuhusu sana. Mimea mingi iliyosumbua watu wa Marekani ni ya jamii moja na ua lililowahi kuwalisha na kuwasomesha watu wengi wa nyanda zetu za juu, yaani pareto. Pareto ililetwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na baada ya muda si mrefu nchi yetu ikawa ya kwanza duniani katika zao hilo. Wazee wa Kisii na Nyamira wakumbuka vema maua meupe yaliyoanikwa uani. Mwaka 1934 daktari Feinberg wa Chicago aliandika juu ya watu waliodhuriwa na unga wa pareto, na juu ya uhusiano wa mzio huo na mzio wa chavua ya magugu ya Marekani. Kwa hiyo mama aliyechuma pareto huku akikohoa na kuwashwa mikono hakuwa mvivu, wala hakurogwa na jirani aliyemwonea kijicho. Mwili wake ulikuwa ukisema neno ambalo hapakuwa na mtu wa kumfasiria.

Tena utafiti haukubaki ng'ambo. Mwaka 1998 Lucy Ng'ang'a na wenzake walichapisha habari za watoto wa shule wa Nairobi na wa Murang'a waliopimwa pumzi baada ya kukimbia, na ilionekana kwamba vifua vya watoto wa mjini vilibana zaidi kuliko vya watoto wa shamba. Mwaka 2011 Harriet Mpairwe na wenzake wa Entebbe, Uganda, walieleza kwamba watoto ambao mama zao walipewa dawa ya minyoo wakati wa ujauzito walipata ugonjwa wa ngozi wa mzio zaidi kuliko wengine. Maana yake si kwamba tufuge minyoo, kwa kuwa minyoo ina madhara yake. Maana yake ni kwamba mwili hujifunza mapema nani ni adui na nani ni mpita njia, na somo hilo hutegemea mengi. Angalia pia kwamba watafiti wa Entebbe walifanya lile ambalo Noon hakulifanya: waliwagawa mama kwa kura, wengine wakapata dawa, wengine dawa bandia. Tuta lisilo na mbolea liliachwa.

Sasa hukumu yangu. Makala ya Noon ni kazi njema, si kwa sababu haina makosa, bali kwa sababu makosa yake yaweza kuonekana. Ameandika kwa uwazi, hata mtu aliyekuja baada yake aliweza kusema: hapa umekosea, na hapa umepata. Maandishi ya ujanja hayakosoleki kwa kuwa hayasemi kitu. Yake yamekosolewa kwa miaka zaidi ya 100 na bado yamesimama. Mpango wa kuanza na kidogo, kuongeza pole pole na kungoja ndio unaofuatwa hata leo, ingawa sindano sasa hutolewa kwa muda wa miaka 3 au zaidi, na baadhi ya dawa huwekwa chini ya ulimi. Mwaka 1999 watafiti wa London walionyesha kwamba wagonjwa wa chavua waliomaliza sindano zao waliendelea kuwa na nafuu miaka 3 baada ya kuziacha. Noon hakuishi kuona hata mwaka 1914.

Na methali yetu? Nayo ni njema ikiwa na mlinzi. Aliye na mzio asiamue mwenyewe kujizoesha njugu, samaki au maziwa yanayomdhuru, akidhani anafuata wahenga. Asikubali sindano ya mtu wa dukani asiyeweza kusema ndani yake mna nini, wala atafanya nini pumzi ikikatika. Katika nchi yetu wataalamu wa tiba hii ni wachache, na aghalabu wako katika miji mikubwa. Kwa hiyo wengi wetu tungali tunaishi kwa shauri la kwanza, lile la neno mzio, na kwa dawa za kutuliza na dawa za kuvuta kwa mdomo ambazo zahanati yaweza kutoa. Si shauri la kudharauliwa. Lakini shauri la kujiepusha halitimizwi na mgonjwa peke yake. Mwenye mzio wa nyasi hawezi kujiepusha nazo ikiwa mwalimu wake amemtia fyekeo mkononi.

Yule msichana alirudi shuleni baada ya siku tatu. Nilimwomba radhi mbele ya darasa lililonisikia nikimdhihaki, na zamu yake ya nyasi tukaibadili ikawa zamu ya maktaba. Nawe, msomaji, ambaye labda kesho utakuwa mwalimu, kiranja au mzazi, utakapomwona mtu akipiga chafya penye kazi, usianze na methali. Anza na swali.